Akili Ikipungua, Kauli Ni ya Nani?

Mwezi Desemba mwaka 2002 gari la wagonjwa lilimchukua Rusi Stanev katika mji wa Ruse, kaskazini mwa Bulgaria, likampeleka umbali wa kilomita 400 hivi hadi kwenye makao ya wagonjwa wa akili yaliyo nje ya kijiji cha Pastra, milimani. Hakuelezwa kwa nini anapelekwa huko wala atakaa kwa muda gani. Miaka miwili kabla ya hapo mahakama ilikuwa imeamua kwamba, kwa sababu ya skizofrenia, hawezi kujisimamia kikamilifu. Jamaa zake walikataa kubeba jukumu la ulezi, manispaa ikamteua mmoja wa maofisa wake awe mlezi wa kisheria. Ofisa huyo alitia saini mkataba na makao ya Pastra bila kumwona Stanev hata mara moja na bila kumwuliza lolote.

Huko Pastra vyoo vilikuwa mashimo uani. Kuoga kulikuwa mara moja kwa wiki. Nguo zikishafuliwa hazikurudi kwa mwenyewe, ziligawiwa yeyote, hivi kwamba mtu hakuwa hata na shati la kuliita lake. Sehemu kubwa ya pensheni yake ya ulemavu ilikwenda kwa makao, na kitambulisho chake kilikaa ofisini kwa mkurugenzi. Alipotaka kwenda mahakamani aondolewe chini ya ulezi, alikuta kwamba sheria haimruhusu kupeleka ombi hilo mwenyewe. Sharti lipitie kwa mlezi. Tarehe 17 Januari 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, iliamua kwamba alinyimwa uhuru kinyume cha haki, kwamba alitendewa kwa namna ya kumdhalilisha, na kwamba alifungiwa mlango wa mahakama. Bulgaria ikaamriwa imlipe yuro 15,000.

Kisa hiki kinatisha kwa sababu ndani yake ni vigumu kumpata mhalifu. Jaji alisikiliza ushahidi wa madaktari. Manispaa ilijaza nafasi ya mlezi kama ilivyotakiwa. Mlezi naye alimtafutia mgonjwa mahali pa kulala na kula. Kila mmoja alitimiza kilichoandikwa, na mwisho wa yote mtu mzima akawa hana kauli hata juu ya nguo za mwilini mwake. Swali linalobaki linawahusu wanafalsafa na wanazuoni wa dini kabla halijawahusu mawakili: mtu akishindwa kuamua vizuri, je, haki yake ya kuamua inamtoka ikahamia kwa mwingine, au inabaki kwake hata kama hawezi kuitumia peke yake?

Walioishi zamani walijibu swali hilo kwa kuitazama mali kwanza. Sheria za Kirumi za Mbao Kumi na Mbili, za karne ya 5 kabla ya Kristo, zilimweka mwenye wazimu na mali yake chini ya ndugu wa upande wa baba, ambao ndio hao hao waliotarajiwa kumrithi. Hapo palikuwa na hatari tangu mwanzo. Anayelinda mali ana sababu ya kutaka isipungue, na kila senti inayotumiwa kumfurahisha mgonjwa ni senti inayotoka kwenye urithi wa mlinzi.

Mafakihi wa Kiislamu waliliingia suala hili kwa undani ambao wanasheria wengi wa leo hawaujui. Aya ya 5 na ya 6 za Surat Nisaa zinakataza kuwakabidhi wasio na busara mali ambayo Mungu ameifanya tegemeo la maisha. Papo hapo zinaagiza walishwe na wavishwe kutokana na mali hiyo, wasemeshwe kwa wema, na mayatima wapimwe hadi ukomavu wao uonekane ndipo wakabidhiwe chao mbele ya mashahidi. Mlezi tajiri anaambiwa ajiepushe na mali hiyo, na maskini ale kwa kiasi. Katika msingi huo ikajengwa hukumu ya hajri, yaani kumzuilia mtu asiitumie mali yake mwenyewe.

Mzozo ulizuka walipofika kwa mtu mzima, mwenye akili zake, lakini mfujaji. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia, alikubali kwamba mtoto na mwendawazimu huzuiliwa, ila kwa mfujaji huyu alikataa. Hoja yake, kama ilivyohifadhiwa katika vitabu vya madhehebu yake, ni nzito: kumvua mtu mamlaka juu ya nafsi yake ni kumwondolea utu na kumhesabu pamoja na wanyama, na dhara hilo linapita hasara yoyote ya mali. Kijana aliyebaleghe bila busara, alisema, acheleweshewe mali hadi atimize miaka 25, kisha apewe, awe amebadilika au hajabadilika. Wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, walimpinga. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, nayo yanaruhusu mfujaji azuiliwe.

Abu Hanifa hakushinda mjadala huo katika madhehebu mengi. Hata hivyo yeye ndiye aliyeliona jambo ambalo mahakama ya Ruse haikuliona miaka elfu moja na mia mbili baadaye, kwamba kumzuilia mtu kunaweza kumdhuru kuliko kile anachozuiliwa. Hata Mashafi, waliokubali kumzuilia mfujaji, hawakumfuta mtu katika jamii kwa kukosa akili. Mwendawazimu anaendelea kumiliki na kurithi, na mali yake ikifikia kiwango inatolewa zaka, mlezi akiwa ndiye mkono wa kuitoa. Mkono ni wa mlezi, lakini zaka inahesabiwa kuwa ya mwenye mali. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka pale mlezi anapoanza kusema mali ni yake.

Katika vitabu vya hadithi mna kisa kinachostahili kusomwa polepole. Mtu mmoja wa Madina, ambaye wapokezi wanatofautiana kama ni Habban bin Munqidh au baba yake, alikuwa amejeruhiwa kichwani. Fahamu zake zilidhoofika, ulimi ukawa mzito, na kila akienda sokoni alipunjwa. Lakini biashara hakuiacha. Watu wake wakaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamwomba amzuilie. Mtume akamwita, akamkataza kuuza na kununua. Yule mtu akajibu kwamba hawezi kuvumilia kukaa bila biashara.

Angetarajiwa kukaripiwa. Badala yake alifundishwa tamko fupi la kutamka kila anapouziana na mtu, kwamba hapana kudanganyana, na katika baadhi ya mapokezi akapewa siku tatu za hiari: akiridhika achukue, asiporidhika arudishe bidhaa kwa mwenyewe.

Familia ilileta suluhisho moja, lile la kumfungia mlango. Walikuja kwa huruma, na hofu yao ilikuwa ya kweli, kwani fedha zilikuwa zikipotea. Mtume alianza kwa kulikubali ombi lao. Kilichoibadilisha amri ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, aliyeitwa, akasikilizwa, akasema nini kitamuumiza. Baada ya hapo hakuachwa sokoni apunjwe tena. Mzigo ulihamia kwa soko, muuzaji akajua kwamba bei ya udanganyifu itarudishwa ndani ya siku tatu. Anayetaka kujua maana ya kumsaidia mtu aamue, badala ya kuamua kwa niaba yake, hana haja ya kwenda mbali.

Afrika Mashariki ulezi wa watu wazima kwa kawaida hauanzii mahakamani. Baba akianza kupotea njia ya kutoka msikitini au kanisani, watoto hukutana, mkubwa akashika hati ya shamba, binti akahamia nyumbani, na maisha yakaendelea. Mambo hubadilika siku benki inapokataa saini. Mzee amepata kiharusi, mkono haufanani tena na ule uliotia saini kwenye fomu ya miaka ishirini iliyopita, bili ya hospitali inapanda na pensheni haitoki. Hapo ndipo familia inapomtafuta wakili. Kenya ombi hupelekwa Mahakama Kuu likiwa na ripoti ya daktari, viapo, na ridhaa ya ndugu.

Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989 iliilinda mali kwa makini. Msimamizi haruhusiwi kuuza, kuweka rehani wala kutoa zawadi ardhi ya mgonjwa bila idhini maalumu ya mahakama, wala kuikodisha kwa zaidi ya miaka mitano. Ndani ya miezi sita tangu kuteuliwa anapaswa kuwasilisha orodha ya mali yote. Huo ni ulinzi mzuri, na umeokoa mashamba mengi kutoka mikononi mwa watoto wenye haraka. Lakini hakuna orodha kama hiyo ya mambo ambayo mzee anayataka: alale chumba kipi, nani amwogeshe, jirani yupi aruhusiwe kumtembelea, apelekwe mjini kwa mwanawe au abaki kijijini alikomzika mkewe. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliongeza haki za wagonjwa, na wapo majaji wanaoagiza mgonjwa aletwe wamwone kwa macho kabla ya kutoa amri. Bado katika familia nyingi neno la mwisho juu ya mwili wa mzee huandamana na neno la mwisho juu ya akaunti yake, kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwamba si kitu kimoja, dunia nzima ilijionea kwa mwanamuziki Britney Spears. Mwezi Februari 2008 mahakama ya Los Angeles ilimweka chini ya usimamizi wa baba yake. Hakuonekana kuwa na uwezo wa kumchagua hata wakili wake mwenyewe. Katika miaka hiyo hiyo alitoa albamu, akazunguka dunia na kupanda jukwaani mara 248 mjini Las Vegas kati ya mwisho wa 2013 na mwisho wa 2017. Mali yake ndiyo iliyowalipa mawakili wake na mawakili wa baba yake. Tarehe 23 Juni 2021 aliiambia mahakama kwamba alitaka kuolewa na kuzaa mtoto mwingine, lakini hakuruhusiwa kwenda kwa daktari akatolewe kifaa cha kuzuia mimba. Usimamizi huo ulifutwa tarehe 12 Novemba 2021. Mtu aliyeonekana kuwa na akili ya kutosha kuwatafutia wengine riziki alihesabiwa hana akili ya kutosha kuamua habari ya tumbo lake, na hali hiyo ilidumu miaka 13.

Falsafa ya Magharibi ina sehemu yake ya lawama hapa. Mwingereza John Locke, katika karne ya 17, aliandika kwamba uhuru wa mtu umesimama juu ya akili yake, hivyo asiyefikia ukomavu wa akili habanduki kamwe katika utawala wa wazazi. Wengi waliomfuata waliichukua akili kuwa hati ya kumilikia utu. Mwanafalsafa wa Marekani Eva Feder Kittay, mama wa binti mwenye ulemavu mkubwa wa akili, ametumia miaka mingi kuipinga fikra hiyo. Anakumbusha kwamba kila binadamu ameanza maisha mikononi mwa mwingine na wengi watayamaliza hivyo, kwa hiyo nadharia ya haki inayomhesabu tu yule anayejitegemea imewaacha nje watu wote katika sehemu fulani ya umri wao.

Hata hivyo kumheshimu mtu si jambo jepesi pale ambapo mtu mwenyewe amebadilika. Mwaka 1991 mwanafunzi wa udaktari, Andrew Firlik, aliandika juu ya mgonjwa wa Alzheimer aliyemwita Margo, ambaye alisoma riwaya huku akirukaruka kurasa, akachora picha ile ile siku baada ya siku, na kuonekana mwenye furaha kuliko watu wengi. Mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin alimtumia Margo kuuliza: kama zamani, akiwa timamu, aliandika kwamba asitibiwe ugonjwa mwingine akifikia hali hii, watu wamtii nani, yule wa zamani au huyu anayetabasamu? Dworkin alijibu kwamba atiiwe yule wa zamani, kwa kuwa ndiye aliyeyajenga maisha hayo na kuyapa maana. Mwanazuoni wa sheria Rebecca Dresser alimpinga: aliye mbele yetu ndiye anayeumia au kufurahi, na hakuna mwingine wa kuhudumiwa.

Swali hilo liko katika nyumba nyingi za waumini, ingawa halipewi jina la falsafa. Bibi aliyefunga Ramadhani zote za maisha yake, sasa amepatwa na ugonjwa wa kusahau, na saa saba mchana anaomba chai. Binti anayemtunza anasitasita jikoni. Anamjua mama yake. Mwanamke yule angeona haya mno kunywa chai mchana wa Ramadhani. Akimfuata Dworkin, atamtuliza kwa maneno hadi magharibi. Lakini hadithi mashuhuri inasema kalamu ya hesabu imeinuliwa juu ya watatu: mtoto hadi abaleghe, aliyelala hadi aamke, na aliyepotewa na akili hadi imrudie. Mungu aliyeifaradhisha saumu hamdai bibi huyu chochote leo. Apewe chai. Apewe kwenye kikombe anachokipenda, wala asisimangwe.

Jibu hilo halimfuti bibi wa zamani. Ushungi wake uendelee kufungwa kama alivyoufunga, nyiradi zake zisomwe karibu naye, kwani mara nyingi mambo hayo bado yanamtuliza. Ya zamani yamwongoze mlezi pale ambapo leo haina sauti. Pale ambapo leo ina sauti, ikasema kiu, ikasema maumivu, ikasema simtaki huyu aniogeshe, sauti hiyo itangulie.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema katika ibara ya 12 kwamba watu hawa wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba kazi ya serikali ni kuwapa msaada wa kuutumia. Mwaka 2014 kamati ya mkataba huo ilikwenda mbali zaidi, ikataka kila mfumo wa mtu kumwamulia mwingine uondolewe. Peru ilibadili sheria yake mwaka 2018. Ireland ilisubiri hadi tarehe 26 Aprili 2023 kuachana na sheria ya mwaka 1871 iliyotungwa kwa ajili ya watu iliowaita vichaa.

Kamati imeshika njia sahihi, lakini imeahidi zaidi ya kinachowezekana. Aliyezimia baada ya ajali hawezi kusaidiwa kuamua kama apasuliwe. Aliyepandwa na maradhi ya akili akauza nyumba kwa usiku mmoja, huku watoto wakiwa wamelala ndani, anahitaji mtu wa kusimamisha mauzo hayo asubuhi. Kusema kwamba hakuna anayemwamulia ni kuuficha mkono unaoamua, na mkono uliofichwa haukaguliwi na yeyote. Afadhali utajwe kwa jina, upewe mambo mahususi, uwekewe tarehe ya mwisho, na uwajibike kueleza mgonjwa mwenyewe alisema nini. Ulezi wa namna hiyo ni halali na ni tendo jema. Ulezi wa jumla, usio na mwisho, unaomeza mali, mwili, ndoa na makazi kwa amri moja, ni dhulma hata ukitolewa na jaji mwadilifu kwa ombi la mtoto mwenye mapenzi.

Injili ya Marko, sura ya 10, ina tukio la kipofu Bartimayo aliyepiga kelele kando ya njia ya Yeriko huku watu wakimnyamazisha. Shida yake ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Bado Yesu alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Wahubiri huharakisha kufika kwenye muujiza, na swali lile hupitwa.

Mahakama moja ya jimbo la Virginia, Marekani, iliuliza swali kama hilo mwaka 2013. Jenny Hatch, mwanamke wa miaka 29 mwenye hali ya Down, alikuwa akifanya kazi katika duka la mitumba na alitaka kuishi na marafiki walioliendesha. Familia yake iliomba ulezi wa kudumu, akahamishiwa katika makao ya pamoja na kutenganishwa na kazi na marafiki zake. Jaji David Pugh hakukubali kwamba mwanamke huyo hahitaji msaada wowote. Aliwapa marafiki hao ulezi wa mwaka mmoja tu, na kuwaagiza wautumie mwaka huo kumwandaa ajiamulie kwa kusaidiwa. Mwaka ukaisha, ulezi ukaisha.

Majaji na makadhi wa Afrika Mashariki hawahitaji kungoja sheria mpya ili wafanye hivyo. Wanaweza leo kukataa kutia saini amri yoyote kabla ya kumwona anayeombewa, iwe mahakamani, hospitalini au kitandani kwake. Wanaweza kutenga mali na mwili katika amri mbili, na kuweka tarehe ya kuipitia upya kila moja. Watoto wanaoshika hati za wazazi wao nao waweke daftari la pili, la yale mzazi aliyoyataka mwezi huu na yale aliyonyimwa, pamoja na sababu. Na msomaji ambaye akili yake bado ni nzima asiwaachie wengine kubahatisha. Amteue mbele ya mashahidi mtu anayemwamini kumsemea, amtaje na yule asiyemtaka, aeleze anataka kuishi wapi na kuhudumiwa na nani, kisha aiambie familia yote wakiwa pamoja.